Juma la Udongo Mwekundu: Shajara ya Mradi wa Kilomita 100

Lengo ni lilelile: kuendesha baiskeli kilomita 100 za barabara ya udongo kwa siku moja, kuuzunguka mji wa Lubumbashi, huku Katanga, Kongo, kabla mvua ya kwanza haijanyesha. Mvua zetu hurudi Oktoba ikielekea ukingoni, au Novemba. Sasa ni katikati ya Julai, alfajiri joto linashuka chini ya nyuzi 10, ardhi imekauka na njia zote za porini zinapitika. Msimu wenyewe ndio huu.

Baiskeli ni fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 26, tairi za upana wa inchi 2, gia nane nyuma na moja mbele. Nchi za nje mchezo huu wanauita graveli, na una baiskeli zake maalumu zenye usukani uliopinda na tairi za milimita 40 hivi. Mbio zao kubwa, Unbound, hufanyika Emporia, Kansas, tangu 2006: maili 200 za kokoto, yaani kilomita kama 320. Karibu na sisi kuna Migration Gravel Race, iliyoanza 2021 huko Maasai Mara, Kenya. Katanga hatuna mbio za namna hiyo. Njia tunazo. Toka kwenye lami upande wowote wa mji, hutakwenda mbali kabla hujakanyaga udongo mwekundu.

Mipango ya mazoezi ninayoisoma imeandikwa na walimu wa Ulaya na Marekani, nami naiheshimu. Ila wao siku ngumu na siku nyepesi wanazichagua kwa kalenda. Huku kwetu barabara nayo ina neno lake. Kuna njia ambayo malori ya madini yakishaipita, vumbi linabaki hewani muda mrefu. Kuna saa ambayo upepo wa kusini-mashariki unageuza tambarare kuwa mlima. Kwa hiyo juma hili nimelipanga lote kwa swali moja: leo nikihema sana, mapafu yangu yatavuta nini?

Jumatatu

Mwili umepumzika, baiskeli imehudumiwa.

Vumbi la kiangazi ni jembamba na linapenda mafuta. Ukipaka mnyororo mafuta ya injini, kama tulivyozoea wengi, vumbi linashikana nayo na kuwa tope linalosaga chuma kila unapokanyaga pedali. Nimeshahamia kwenye nta. Nautoa mnyororo, nausafisha kwa petroli, naukausha kabisa. Halafu nayeyusha mishumaa myeupe ndani ya mkebe uliokalishwa kwenye sufuria ya maji ya moto juu ya mbabula, jiko la mkaa (mkebe usiwekwe motoni moja kwa moja, nta inashika moto), na kuuzamisha mnyororo humo mpaka mapovu yaishe. Ukitoka, unaninginizwa upoe. Mwanzoni unakuwa mgumu, lakini ukizungushwa kidogo unalainika, na vumbi halina pa kung'ang'ania.

Kabla ya kuurudisha nimeupima kwa rula. Viungo 24 vya mnyororo mpya vina urefu wa milimita 304.8. Vikifika 306.3, mnyororo umerefuka kwa nusu asilimia na umeanza kula meno ya gia. Hapo ununue mwingine, kwa sababu gia za nyuma ni ghali kuliko mnyororo. Wangu unasoma 305 na nusu hivi. Bado una maisha.

Jumanne

Siku ngumu. Nimeipeleka upande wa Kasapa, nikapita chuo kikuu, nikashika njia ya udongo inayochepuka kuingia porini, ambako lori ni nadra.

Kazi yenyewe: dakika 4 za nguvu, dakika 3 za kuzungusha miguu polepole, mara nne. Mtindo huu umejulikana sana kutokana na watafiti wa Trondheim, Norwe, walioonyesha mwaka 2007 kwamba vipindi vya namna hii vinakuza uwezo wa mwili kutumia oksijeni kuliko mwendo wa taratibu wenye kazi ileile kwa jumla. Kinachotakiwa ni moyo kufika asilimia 90 hadi 95 ya mapigo yake ya juu kabisa.

Sina mkanda wa kupimia moyo. Nina saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde na vidole viwili vya kuweka shingoni. Hesabu ninayoitumia ni ile ya 208 ukitoa saba ya kumi ya umri. Kwa miaka 38 inanipa 181. Asilimia 90 hadi 95 ya hapo ni kati ya 163 na 172. Kwa hiyo nikimaliza dakika ya nne nasimama, mguu mmoja chini, nahesabu sekunde 15 palepale, kwa sababu moyo unashuka haraka: natafuta mapigo 41 hadi 43. Kipindi cha kwanza nilipata 39, cha pili 41, cha tatu 42, cha nne 43. Ngazi nzuri. Anayepata 43 kwenye kipindi cha kwanza, cha nne atakitambaa.

Sasa suala la hewa, maana ndilo lililonifanya nivuke mji mzima na giza badala ya kufanya vipindi hivi kwenye barabara iliyo karibu na nyumbani. Mtu aliyekaa anavuta lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika. Kwenye kazi kali ya namna hii unaweza kupita lita 100. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga: waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka kwenye migodi au viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi mno mwilini, watoto wakizidi wakubwa. Hao ni watu wanaoishi tu, wanaopika, wanaolala. Siwezi kuijua habari hiyo kisha nikaenda kuhema lita 100 kwa dakika nyuma ya lori lililobeba mawe ya shaba. Mtu yeyote wa huku anayeanza mchezo huu namwomba aanzie hapo: kwanza chagua hewa, ndipo uchague kasi. Kitambaa puani kinazuia chembe kubwa, lakini ukiwa kwenye kazi kali kinakunyima pumzi, na chembe ndogo zinapita.

Jumatano

Saa moja na nusu, mwendo wa mazungumzo, pamoja na shemeji yangu kwenye baiskeli yake nyeusi ya mizigo. Kipimo cha siku nyepesi ni mdomo: ukiweza kusema sentensi nzima bila kuikata ili uheme, uko mahali pako. Tumezungumzia ada za shule, mahindi ya mjomba wake, na kwa nini tairi za sasa hazidumu. Stephen Seiler, Mmarekani anayefundisha Norwe, alipochunguza mazoezi ya wanamichezo wa mbio ndefu aliona kwamba takriban vipindi 8 kati ya 10 ni vyepesi namna hii. Shemeji alinijibu kwamba hilo hakuhitaji kusomewa. Mtu wa kazi anajua asipobakiza nguvu leo, kesho hafiki sokoni.

Alhamisi

Nguvu, bila baiskeli kwa sehemu kubwa.

Lubumbashi iko kwenye mita kama 1,200 juu ya bahari, lakini ni mji wa tambarare. Watu hudhani tambarare ni rahisi. Mlimani unapanda kisha unateremka, na kwenye mteremko miguu inapumzika. Huku hakuna mteremko. Unakanyaga kutoka mwanzo mpaka mwisho, umekaa vilevile, na kinachochoka kwanza ni kiuno, mabega na viganja, mapaja yanafuata baadaye. Kwa hiyo nguvu ninayoijenga ni ya kubaki nimetulia juu ya kiti kwa saa nyingi huku usukani ukitikisika.

Nyumbani: kuchuchumaa na kuinuka na mtungi wa lita 20 uliojaa maji kifuani, seti tatu za mara kumi. Kulala kifudifudi kwenye viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, dakika moja mara tatu. Kuinama kutoka nyonga mgongo ukiwa umenyooka, mtungi mkononi, kuinuka taratibu.

Halafu kichuguu. Vichuguu vya Katanga kila mtu wa huku anavijua, vikubwa kuliko nyumba, vimesimama shambani na hata nyuani mwa watu, na udongo wake ndio matofali ya nusu ya mji. Watafiti walipopima umri wa baadhi ya vichuguu vya karibu na Lubumbashi kwa kaboni waligundua kuwa kimojawapo, kilichokwisha kuhamwa na mchwa, kina zaidi ya miaka 2,000. Kile ninachokitumia kina mita sita au saba na kijia upande mmoja. Napanda baiskeli ikiwa begani, nashuka nayo, naipumzisha, napanda tena, mpaka miguu ianze kukosea mahali pa kukanyaga. Naacha hapo, maana kuendelea baada ya hapo ni kutafuta kuteguka. Zoezi hili lina faida ya moja kwa moja: kwenye mzunguko wa kilomita 100 kuna vijito na mapito ya mchanga ambapo baiskeli lazima ibebwe.

Ijumaa

Kupumzika. Bukari (ugali), sombe (kisamvu), samaki wa tomsoni, usingizi wa mapema. Maji yamechemshwa na kuwekwa kwenye chupa.

Jumamosi

Safari ndefu ya juma: kilomita 60 na kidogo, saa nne za kukanyaga, njia ya Kafubu na kurudi kwa kuzungukia mashambani.

Upande huo nimeuchagua kwa ajili ya upepo. Kiangazi upepo wetu hutoka kusini-mashariki, nao huamka jua likishapanda. Kafubu iko kusini-mashariki ya mji. Ukitoka kabla ya jua unaenda upande wa upepo wakati bado umelala, na saa ya kurudi, ukiwa umechoka nao umeamka, unakusukuma mgongoni. Saa kumi na mbili na nusu, jua likitoka, nilikuwa nimeshaiacha lami. Mfukoni: kadi ya mpiga kura, ambayo wengi wetu ndiyo kitambulisho chetu, kwa sababu bariera, kizuizi cha barabarani, haikosekani. Kwenye mkoba wa fremu: mpira wa ndani mmoja, viraka, gundi, pampu, funguo, kipande cha waya.

Chakula nimekipima vizuri safari hii. Kwa kazi ya saa nyingi mwili unaweza kutumia gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi moja ya wastani ina gramu kama 25. Nilibeba ndizi sita na chupa ya maji yenye sukari na chumvi kwa kipimo cha maji ya wagonjwa wa kuhara: lita moja, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Na katikati ya njia nilinunua munkoyo. Hiki ni kinywaji ambacho sielewi kwa nini hakitajwi na wanamichezo wetu. Uji wa mahindi unawekwa mizizi ya munkoyo, mizizi hiyo inavunja wanga wa mahindi kuwa sukari, uji unakuwa mwepesi na mtamu bila kuongezwa kitu. Munkoyo mpya, wa siku yake ya kwanza, ndio wa barabarani. Ukilala unachachuka na kuanza kuwa pombe. Nusu lita kwa mama mmoja chini ya mwembe, kisha kilomita kumi zilizofuata sikuhisi njaa wala uzito tumboni.

Lakini somo la siku lilikuwa la barabara. Njia ya udongo ikipitwa na magari mengi wakati wa ukavu inajikunja migongo midogo ya mfululizo, upande hadi upande, kama bati la paa. Wanafizikia waliozungusha gurudumu juu ya mchanga mkavu maabarani waliona kwamba migongo hiyo inazaliwa yenyewe, hata kwa gurudumu lisilo na springi, mradi kasi ipite kiwango fulani. Anayekwenda polepole haitengenezi. Magari ndiyo yanayoitengeneza, na baiskeli ndiyo inayoilipa: viganja vinakufa ganzi, skurubu zinalegea, na nguvu unayoikanyaga inaishia kukurusha juu badala ya kukupeleka mbele.

Nilifanya jaribio nililolipanga tangu juma lililopita. Kipande kilekile cha njia, urefu wa kilomita tatu, mwendo wa mapigo yaleyale ya moyo, upande uleule, kabla ya upepo kuamka: kwanza tairi zikiwa na bari 3 (bari ni kipimo cha shinikizo la hewa), kisha bari 2. Mimi nina kilo 68. Kwenye bari 2 nilikuwa haraka zaidi kwa sekunde 20 na ushei, na viganja vilipona. Sekunde zile si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba tairi laini halikunipunguzia kasi hata kidogo, wakati mafundi wengi wa mjini watakwambia tairi gumu ndilo linalokimbia. Kwenye lami wana haki. Kwenye udongo wenye migongo na kokoto, tairi laini linameza jiwe, gumu linalipanda. Mpaka wake ni rimu: ukishusha mno, jiwe linabana mpira wa ndani juu ya rimu na kuutoboa matundu mawili yanayotazamana. Kwa uzito wangu na tairi hizi sitashuka chini ya bari 2.

Na kuna kitu ambacho hakiko kwenye kitabu chochote cha graveli. Wauza makala, yaani mkaa. Alfajiri wanaingia mjini kutoka porini, baiskeli moja imebeba magunia matatu au manne marefu, mtu anasukuma badala ya kupanda, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kijiti kilichofungwa kwenye mzigo. Misitu inarudi nyuma kila mwaka kwa kukatwa, kwa hiyo safari zao zinarefuka kila mwaka. Nilimkuta mmoja, mzee wa umri wa baba yangu, amesimamisha mzigo wake kwenye gogo anapumua. Nilishuka, nikamwamkia, nikamuuliza anajua je pa kupitisha gurudumu, maana nyayo zake zilikuwa zimenyooka tangu nilipoanza kuzifuata.

"Usifuate njia ya lori, mutoto yangu," akasema. "Lori iko na njia yake. Tafuta njia ya kinga, iko pembeni, karibu na majani. Sisi tunaipita kila siku, imeshakuwa ngumu."

Kinga ndiyo baiskeli kwa Kiswahili cha huku. Na ni kweli. Pembeni kabisa mwa barabara, wakati mwingine nje ya mtaro, kuna mstari usiozidi upana wa viganja viwili, umeshindiliwa na tairi za makala kwa miaka, bila migongo, bila mchanga. Unapinda kuepuka kila shimo na unavuka kijito pale maji yalipo haba. Nikaufuata karibu njia yote ya kurudi. Mapigo yalishuka ingawa kasi yangu ilikuwa ileile, tena vumbi la magari lilinipita upande wa pili kwa sababu mstari huo mara nyingi uko upande unaotoka upepo. Wazee hawa wameichora ramani yote ya kusini mwa mji kwa magurudumu yao. Nilimpa ndizi mbili. Alinipa neno lingine, kwamba kwenye mchanga mtu asikamate breki ya mbele na asigeuze usukani. Aache kinga ijitafutie.

Heshima ninayowapa si ya maneno tu. Mstari ni wao na mzigo ni wao. Nikikutana nao mimi ndiye ninayetoka njiani, kwa sababu baiskeli yenye magunia manne ikianguka inataka watu wawili kuiinua.

Jumapili

Misa, halafu usingizi wa mchana.

Mapigo ya moyo nikiamka, kabla ya kuinuka kitandani: 54. Jumatatu yalikuwa 53. Yangepanda kwa 6 au 7 ningejua mwili haujaimaliza kazi ya Jumamosi, na siku ngumu ijayo ningeisogeza. Kwa hali hii Jumanne inabaki. Magoti hayana neno. Kiganja cha kushoto kina ganzi kidogo kwenye kidole cha mwisho, kwa hiyo nainua usukani sentimita moja na kuongeza kitambaa cha pili chini ya mpira wa kushikia.

Juma lijalo: Kasapa tena kwa vipindi vya dakika 4, vilevile vinne, bila kuongeza. Kichuguu kinabaki Alhamisi. Jumamosi nitakwenda upande wa magharibi, kuelekea Kipushi, bila kugusa lami yake. Ni kilomita 30 hivi kwenda, na malori ya mgodi yako kwenye lami, kwa hiyo nitapita mashambani. Shemeji anamjua kijana anayeleta makala kutoka huko. Tumekubaliana nimkute Ijumaa jioni sokoni Katuba, anionyeshe mstari wao unaanzia wapi.